Binti yangu kajipaka poda mwili mzima "atakate" kama prinsesi, na baba yake anataka gemu zote zitoke nyumbani

Shangazi, asalaam aleikum.

Naandika sa hizi usiku watu washalala maana mchana siwezi, nyumba yetu siku hizi likitajwa neno gemu tu kila mtu ana lake la kusema na mie nipo katikati sijui nishike lipi.

Nipo Unguja, nna watoto wawili, mkubwa wa kiume ana miaka minane na mdogo wa kike mitano, huyu mdogo kaanza skuli ya maandalizi mwaka huu. Tunakaa na mamkwe wangu na namshukuru Mungu tunasikilizana, sina baya la kumsema. Sasa Idd iliyopita wifi yangu anaekaa Maskati alikuja kututazama akawaletea wanangu zawadi, ile mashine ya gemu ya Nintendo Switch na gemu moja inaitwa Princess Peach: Showtime!, ya yule binti mfalme wa gauni la pinki. Watoto walifurahi mpaka chakula siku hiyo hawakukigusa. Hiyo ndo gemu ya kwanza.

Gemu ya pili ipo kwenye simu yangu, hii niliipakua mwenyewe miezi mingi kabla wifi hajaja, ya bure, ya kumremba prinsesi, jina lake silitaji. Nilikuwa nampa mwanangu atulie nikiwa jikoni, huo ndo ukweli wenyewe. Nilivoitazama juu juu niliona maua na magauni na vikuku nikasema hii haina neno. Mpaka juzi juzi nikakaa nae nikaiangalia mwanzo mwisho. Anakuja prinsesi ana chunusi uso mzima, nywele zimesimama, ngozi imefifia, mtoto anamuosha, anampaka hiki na kile, na kila akipakwa anazidi kuwa mweupe, nywele zinanyooka zinashuka mpaka kiunoni, mwisho anatokea mwanamme kavaa taji anampa ua, fataki zinalipuka. Halafu inaanza tena na prinsesi mwengine. Katikati humo matangazo, kila dakika mbili tangazo, na visanduku vinametameta vya kubonyeza ufunguliwe gauni jipya.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikuandikie. Wiki mbili nyuma nimetoka Darajani na samaki mkononi, naingia chumbani namkuta mwanangu mbele ya kioo. Kamwaga kopo zima la poda, kajipaka uso, shingo, mikono mpaka viwikoni, kichwani kajifunga mtandio wangu mrefu umemshuka mpaka magotini ndo nywele. Akanigeukia kwa furaha kabisa akanambia, "Mama, nami nshatakata, nshakuwa prinsesi." Shangazi, mie na mtoto huyu sote weusi, mie nna rangi ya mama yangu na yeye kachukua kwangu. Nikamnawisha nikamwambia wewe mzuri hivo hivo ulivo, akaniuliza mbona basi hamna prinsesi kama mie. Sikuwa na jibu. Nikamwambia twende tukale.

Wiki hiyo hiyo baba yake akapata meseji za benki, kadi yake imekatwa dola 4.99, mara tatu siku moja. Kumbe kadi yake alishaiunganisha kwenye simu yangu zamani alipotaka kununua kitu akasahau, na mtoto kabonyeza vile visanduku. Hapo moto ukawaka. Akasema gemu zote zitoke, ya simu na ya mashine, kwani zote za prinsesi na zote zinamfundisha mtoto wa kike kujiremba na kukaa kusubiri mwanamme aje kumuokoa. Halafu siku ya pili yake akamkuta mwanangu wa kiume anaicheza ile ya Peach akamuuliza kwa ukali, we mtoto wa kiume unacheza prinsesi? Mtoto akalia, tangu siku ile baba akiingia anaizima haraka haraka anajifanya anasoma. Hilo limenichoma pengine kuliko pesa.

Mamkwe yeye anasema sisi tulikua bila mashine na tukaolewa na tukazaa, waondoshe tu. Nikauliza kwenye grupu letu la WhatsApp la akina mama wa skuli, nikapata majibu ya kila rangi. Mmoja kasema mwanawe kwa ile ya Peach kajua maneno mengi ya Kiingereza, mwengine kasema nyepesi mno mwanawe wa miaka tisa kaimaliza wikiendi moja, ni bei yote ile kutupa, mwengine kasema prinsesi wa aina yoyote ni sumu kwa mtoto wa kike, mwengine kasema nyinyi mnazidisha, mwacheni mtoto awe mtoto. Na wifi kila Ijumaa anapiga simu ya video anataka mtoto amuoneshe kafika wapi. Nikiiondosha nitamwambia nini? Na nikiiacha nitamwambia nini mume wangu? Na yule mtoto nimwambie nini kuhusu lile swali lake?

Mama wa wawili, Unguja

*

Waaleikum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama mahali pamoja, kwenye neno moja tu. Nshatakata.

Hebu lifikirie. Gemu ile ya simu ama ni ya Kiingereza ama haina maneno kabisa, picha tu na mziki, maana nyingi za namna hiyo ndivyo zilivyo, hakuna pahala pameandikwa kutakata. Neno hilo mtoto wa miaka mitano kalipata kwetu. Kalisikia harusini wanawake wakisema bibi harusi katakata, kalisikia kwenye uzazi watu wakiuliza mtoto mweupe au mweusi kabla hawajauliza kama mzima, kalisikia saluni, pengine kalisikia kwa mtu anaempenda sana akimsifu binamu yake. Na mimi najumuika humo, neno hilo nimelisema miaka na miaka na sikuwahi kufikiria linavyoingia kwenye sikio la mtoto mweusi aliekaa pembeni kimya anachezea vifuniko vya chupa. Gemu imemletea picha ya prinsesi anaeoshwa mpaka anakuwa mweupe, na sisi tulishampa neno la kuiita picha hiyo. Kwa hiyo ukiifuta ile gemu, na uifute leo usiku kabla hujalala, neno bado litakuwepo sebuleni, na hilo ndo kazi yenyewe.

Naanza na hilo kwa sababu ndo swali la mtoto na mtoto ndo alieumia. Usimgombeze kwa poda wala usilifanye kisa cha kuhadithia watu akiwepo. Kaa na mamkwe wako peke yenu, mwambie kama ulivyonambia mimi, mtoto kasimama hivi kasema hivi. Bibi akisikia hilo la mjukuu wake sidhani kama atalichukulia baya, na ukimpata bibi umepata nyumba nzima, maana shangazi na majirani wakija yeye ndo atawakata kauli. Muombe neno hilo lisitumike tena kwa rangi ya mtu hapo ndani. Nguo inatakata, sufuria inatakata, mbingu inatakata baada ya mvua, lakini ngozi ya mtoto haikuwa chafu hata itakate.

Na ile "mbona hamna prinsesi kama mie", jibu lipo mwanangu, wapo. Mwambie Uganda, ufalme wa Toro, kuna binti mfalme hasa wa kuzaliwa anaitwa Elizabeth Bagaaya, baba yake alikuwa mfalme, mweusi kama wewe na mama yako, alisoma sheria Uingereza na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili kule kwao Waingereza, baadae 1974 akawa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake. Picha zake zipo nyingi mtandaoni za ujanani, mtafutie, muoneshe shingo ile na kichwa kile alivyokibeba. Mtoto wa miaka mitano hana haja na mwaka wala sheria, ana haja ya kuona uso. Kama anataka wa katuni, Disney walichelewa sana kwa hilo, mpaka 2009 ndo walipotoa prinsesi wao wa kwanza mweusi, Tiana, na huyu anapika, anaweka akiba afungue mkahawa wake. Mtoto akimuona jikoni atakuja jikoni kwako kukuuliza hicho nini unakoroga.

Halafu nyie mpo Unguja jamani! Siku moja ya mapumziko panda nao daladala za Bububu mshuke Mtoni, pale ufukweni kwenye magofu ya kasri, muoneshe binti yako kuwa hapa alizaliwa binti wa Sultani mwaka 1844, Sayyida Salme bint Said. Huyu rangi yake siyo ya mwanao, baba Mwarabu mama Mcherkesi, watu weupe wa kule milima ya Kaukasi, sikutajii kwa ajili ya ngozi. Nakutajia kwa sababu wakati ule watoto wa kike wa kasri walifundishwa kusoma lakini kuandika hapana, akajifundisha mwenyewe kwa siri kwa kunakili aya za msahafu mpaka mkono ukakubali, na ndugu zake walipogombea kiti 1859 yeye kigori wa miaka kumi na tano ndo alikuwa akiwaandikia upande wa kaka yake Barghash barua zao. Baadae kumbukumbu zake zikachapishwa Ujerumani 1886 na mpaka leo watu wanazisoma. Mtoto akijua kuwa prinsesi wa kwao aliiba kuandika, kesho skuli akishika penseli atalikumbuka. Mengine ya maisha yake magumu ataambiwa akikua.

Sasa tuje kwenye hizo gemu, na hapa nataka umsaidie mumeo aone kitu kimoja, ameziweka kapu moja na siyo kapu moja.

Ile ya simu mumeo ana haki asilimia mia. Mimi nimeziona za aina hiyo kwenye simu za wajukuu, zinafanana kama mapacha, mtoto hachezi chochote mule, anapaka na kubonyeza, na kila akibonyeza anasogezwa karibu na kisanduku cha kulipia. Zinaitwa za bure kwa sababu pesa yake inatoka kwenye matangazo na kwenye kidole cha mtoto asiejua dola ni nini. Ifute. Kisha ingia duka la apu kwenye mipangilio, weka kila manunuzi yadai paswedi, kila manunuzi bila kubakisha, na ile kadi ya mumeo iondoe kabisa. Ombeni marejesho ya zile dola kule kule dukani kwenye historia ya manunuzi, elezeni kuwa kabonyeza mtoto, na msichelewe maana siku zikipita inakuwa ngumu kukubaliwa. Na mumeo mwambie asijione mjinga, limewapata watu wengi sana mpaka serikali ya Marekani ikaingilia, mwaka 2014 Apple walikubali kuwarudishia wazazi si chini ya dola milioni 32.5 na mwaka huo huo Google dola milioni 19, kwa manunuzi ya watoto ambayo wazazi hawakuyaidhinisha. Wazazi wote hao walikuwa na akili zao timamu.

Hii ya Peach ni habari nyengine. Nimekaa nayo mwenyewe na wajukuu zangu wawili likizo nzima, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Mumeo anaposema prinsesi anakaa kusubiri kuokolewa hakosei kuhusu Peach wa zamani. Alivyotokea mara ya kwanza 1985 kwenye gemu ya Mario ndo ilikuwa kazi yake hiyo, katekwa, na Mario, shujaa wa gemu hiyo, anapita ngome moja baada ya nyengine kumtafuta. Walipokuja kumpa gemu yake mwenyewe, ilitoka Japani 2005, wakampa nguvu zinazotokana na hisia, akikasirika anawaka moto, akilia machozi yanamiminika yanazima moto na kuotesha mimea, na watu wengi hawakuipenda hiyo, wakasema yani mwanamke akipewa nafasi yake hatimae silaha yake ni kulia? Mie nilipoambiwa hilo nilikubaliana nao.

Lakini hii aliyoleta wifi yako ni ya Machi 2024 na haiko hivo. Peach anakwenda kutazama michezo ya jukwaani, genge la mtu anaitwa Grape linavamia ukumbi na kuharibu maonesho yote, na yeye ndo anaeingia kuokoa, anasaidiwa na Stella tu, kile kinyota chenye utepe. Mario haji. Hakuna mwanamme anaekuja na ua mwisho. Kila jukwaa anavaa vazi jengine na vazi ndo linampa kazi, kuna upanga, kuna upelelezi, kuna kupika keki, kung fu, ninja, kuteleza kwenye barafu, nguva anaeimba, mpanda farasi mwenye kamba ya kunasia, mwizi mstaarabu wa usiku, na shujaa wa kuruka angani, jumla kumi. Na magauni yapo, mapambo yapo, ila sarafu zake zinaokotwa mule mule ndani ya gemu, hazitoki kwenye kadi ya mtu. Mjukuu wangu wa kike alikuwa anapenda upelelezi, anaokota dalili moja moja ananambia bibi usiniambie, usiniambie, nimejua. Mtoto anaekwambia usinambie nimejua huyo hafundishwi kusubiri.

Sisemi haina kasoro. Wenzio wa grupu wote wamesema kweli kidogo kidogo. Nyepesi, ndiyo, vitufe ni viwili tu karibu muda wote, kuruka na kufanya, na kwa mtoto wa miaka tisa alieyazoea magemu ataona kama maji, pesa ile ni nyingi kwa wikiendi moja, lakini kwa wa mitano ndo saizi yake na yeye ataimaliza kwa miezi. Ni ya mchezaji mmoja tu, hamna kucheza wawili kwa pamoja, hilo nililijutia kwa sababu nyumba yenye watoto wawili ni ugomvi, itabidi zamu. Maneno ya kusoma yapo mengi na ni Kiingereza, kwa hiyo mtoto asiejua kusoma anahitaji mtu pembeni, na mie hilo nimeliona ni zuri, maana linakulazimisha ukae. Na Peach ni Mzungu wa nywele za dhahabu, hilo halina kificho na hakuna pahala pa kumbadilisha. Ndo maana nikakwambia anza na Bagaaya na Mtoni, ili Peach awe prinsesi mmoja kati ya wengi anaowajua, asiwe ndo kipimo.

Yule mama aliesema prinsesi wa aina yoyote ni sumu, na yule aliesema mnazidisha, wote wawili wangefaidika na jambo moja. Kuna utafiti uliofanywa Marekani, chuo kikuu cha Brigham Young, mtafiti mkuu Sarah Coyne, mwaka 2016 wakatoa matokeo ya watoto 198 wa umri kama wa mwanao. Walikuta wale waliozama sana kwenye mambo ya prinsesi walikuwa baada ya mwaka wamezidi kushika yale ya "mtoto wa kike anafanya hiki hafanyi kile", na mtoto anaejiambia hivo hathubutu vitu vingine. Wakaogopesha wazazi wengi. Lakini hawakuishia hapo, wakawafuata tena watoto walipokua kidogo, matokeo ya 2021 yakaja tofauti, waliopenda prinsesi utotoni walikuwa wana mawazo mapana zaidi kuhusu mwanamke na kazi na elimu. Kwa hiyo wewe usilale na hofu kuwa miezi sita ya gauni la pinki imemharibu mtoto.

Na humo humo ndani ya ule utafiti wa kwanza kuna la kumwambia baba yake kuhusu mvulana. Watoto wa kiume waliopenda prinsesi walionekana wanasaidia wenzao zaidi na wanaridhika na miili yao. Lakini mwanangu usiende kwa mumeo na utafiti kama fimbo, mwanamme alietolewa dola kumi na tano kwenye kadi yake bila kujua bado ana hasira, na hasira ile ilimwagikia kwa mtoto ambae hakuhusika. Msubiri siku katulia, baada ya isha, kakaa na chai yake, mwambie hivi, baba fulani, mwanao anakuficha kitu. Mwambie anaizima akikusikia mlangoni. Usiongeze kitu hapo, nyamaza. Mie naamini baba anaehangaika binti yake asifundishwe unyonge ni baba mwema, na baba mwema hataki mtoto wa kiume wa miaka minane ajifunze kumkimbia. Halafu muombe kitu kimoja kidogo, akae nao nusu saa tu, wamuoneshe lile jukwaa la kung fu, na mvulana ndo amfundishe baba pa kubonyeza. Akimaliza akisema bado sitaki, basi mtazungumza tena, lakini atakuwa anazungumzia alichokiona, siyo anachokidhania.

Kuhusu muda, hapo mamkwe wako na mimi tupo pamoja. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka mitatu na minne skrini isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ndo bora, wako kavuka mwaka mmoja tu, kaa hapo hapo kwenye saa moja, simu na mashine na tivii zote ndani ya saa hiyo. Switch ina apu yake ya wazazi unaiweka kwenye simu, unapanga dakika, zikiisha inawaambia wenyewe na ukitaka inazima, ugomvi wako na wao unapungua. Na kile kipindi cha jikoni ulichokuwa unampa simu, mpe mamkwe. Yeye alisema walikua bila mashine, basi muombe awape walichokua nacho, zile za paukwa pakawa, za binti sultani na zimwi, anazo nyingi huyo kuliko anavyosema. Au mwite mtoto jikoni achambue mchele. Itakuchelewesha, najua, wali utaliwa saa tisa. Siku mbili za mwanzo atalia aitake simu, ya tatu atalia kidogo.

Wifi yako usimfiche. Mwambie ukweli ule ule, kuwa kuna gemu ya simu ilileta tabu tumeifuta, na ya kwako tumeiacha kwa masharti ya saa moja. Na umuombe akija safari nyengine alete mdoli mweusi mwenye nywele za kusuka, kule wanapatikana, mtoto amsuke yeye mwenyewe kwa mikono yake. Ijumaa akipiga simu ya video mwache binti amuoneshe keki alizopamba, na mvulana nae akae karibu aseme yeye kafika jukwaa gani, mbele ya baba.

Na nunua kopo jengine la poda. Iweke pale pale ilipokuwa, wala usimfiche. Akitoka kuoga jioni mpake wewe, shingoni na kifuani kama tunavyopaka sote, kisha nawe mpe kopo akupake.

Shangazi